Bembea na michezo ya watoto uani: anzia ardhini

Mtu akiamua kuwatengenezea watoto bembea nyumbani, kwa kawaida huanzia kwa fundi wa kuchomelea. Anauliza bei ya bomba, anachagua rangi, anapimiwa. Ardhi inakuja mwisho, na mara nyingi haiji kabisa. Mpangilio huo ndio unaowavunja watoto mikono. Mtoto anayecheza ataanguka, hilo halina mjadala. Kinachoamua kama atalia kidogo na kurudi kucheza au atapelekwa hospitali ya Bugando ni mambo mawili: ameanguka kutoka juu kiasi gani, na ametua juu ya nini. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende chini. Ikiishia huko bila kufika kwenye bomba, bado umefanya kazi ya maana.

Kuchagua mahali

Mwanza ni mji wa mawe, na mawe mengi hayaonekani. Kiwanja cha Mabatini, Igogo au Isamilo kinaweza kuwa na udongo mzuri juu, kumbe mwamba uko sentimita 20 tu chini. Kabla ya kununua chochote, chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 1.2, uipige kwa nyundo kila baada ya hatua moja kwenye eneo lote unalolifikiria. Bembea inahitaji mita moja ya udongo: sentimita 40 hivi za shimo la mchanga, kisha sentimita 60 za msingi wa nguzo. Nondo ikigonga jiwe mapema kila unapoipiga, sahau bembea hapo. Mchanga wa kina cha kiganja juu ya mwamba ni mwamba tu. Mtoto akitua kwa kichwa hataona tofauti. Sehemu hiyo itumie kwa michezo ya chini: gogo la kutembelea lenye kimo cha sentimita 30, matairi yaliyofukiwa nusu, sanduku la mchanga.

Mawe makubwa yaliyo wazi nayo yana hesabu yake. Watoto watayapanda, hata ukataze. Kilicho ndani ya uwezo wako ni kusafisha chini yake: ondoa mawe madogo, vipande vya tofali na chupa hadi mita 1.8 kutoka kwenye jiwe, kisha weka mchanga. Jiwe linalozidi kimo cha mita moja na nusu lizibie njia ya kupandia. Na usichimbe kamwe chini ya jiwe upande wa mteremko ili kupata uwanja mpana. Udongo unaolishikilia ukipungua, mvua za masika zitamalizia kazi uliyoianza. Kama kiwanja kina mteremko, kata tuta upande usio na mawe makubwa, jenga ukuta wa kuzuia udongo, na weka uzio juu ya ukingo wa tuta hilo, kwa sababu sasa umetengeneza mahali papya pa kuanguka.

Tazama na mimea ya mpakani. Minyaa ni uzio wa kawaida sana Usukumani: haili maji, mbuzi hawaigusi, inakua yenyewe. Lakini utomvu wake mweupe ukimwingia mtoto jichoni unaweza kuunguza jicho vibaya, na mpira unaorushwa huvunja matawi yake kila siku. Aidha hamisha uwanja mbali na minyaa, au ing'oe upande huo, ukivaa glovu na miwani. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, halafu nenda hospitali bila kungoja kuona kama kutapoa. Mbono kaburi na mbarika ziondolewe kabisa. Mbegu zake zinavutia kuchezea, na chache tu zikitafunwa zinaweza kumtia mtoto hatarini.

Usiweke kitu chochote cha watoto kupandia chini ya nyaya za umeme, juu ya mfuniko wa shimo la choo, wala karibu na karo. Mfuniko wa zege ambao nondo zake za ndani zimeliwa na kutu huonekana mzima hadi siku watoto watano watakaporuka juu yake.

Maji

Nyumba zilizo ufukweni, kama kule Luchelele, Igombe au Kayenze, zinahitaji uzio kati ya uwanja na ziwa kabla ya bembea yenyewe. Uzio usipungue mita 1.2, uwe wa fito au nondo zilizosimama wima, kwani za kulala ni ngazi. Nafasi kati yake iwe chini ya sentimita 9. Geti lifunguke kuelekea upande wa nyumbani, liwe na springi ya kulirudisha, na komeo lisifikiwe na mtoto wa miaka minne. Hata asiye na ziwa ana ndoo, beseni na pipa. Mtoto anayejifunza kutembea huzama kwenye maji ya sentimita chache, kimyakimya, bila kurusha maji. Ndoo zimwagwe au zifunikwe, kisima kiwe na mfuniko wenye kufuli.

Shimo la mchanga

Tuchukue bembea ya kiti kimoja, mhimili wake, yaani bomba la juu la kuning'inizia kiti, ukiwa mita 1.5 kutoka juu ya mchanga. Kimo hicho kinatosha kabisa nyumbani. Bembea ya mita tatu ni ya uwanja wa shule wenye nafasi. Kanuni ya eneo la kuanguka ni hii: mbele ya mhimili acha mara mbili ya kimo chake, na nyuma vivyo hivyo. Hapa ni mita 3 mbele, mita 3 nyuma. Upana unaanzia kwenye kiti: sentimita 45 za kiti na 75 kila upande hadi kwenye nguzo, karibu mita 2. Nje ya nguzo ongeza mita 1.8 kila upande, maana watoto hupanda nguzo pia. Jumla ni mita 6 kwa 5.6. Ukitaka viti viwili, viachanishwe sentimita 60 na upana uongezeke kwa mita moja. Vitatu kwenye fremu moja hapana: anayetaka kufika kiti cha katikati hupita mbele ya wenzake wakiwa hewani.

Eneo hilo kwa kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo 10. Ongeza 2 za mwinamo wa chini na kushindilika, upate 12, yaani karibu tani 19 za mchanga. Ndiyo, ni malori. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kumwaga toroli sita, na hapo ndipo tunaposema wazi: kama bajeti haifiki, usipunguze mchanga, punguza kimo. Acha bembea, jenga vitu visivyozidi nusu mita.

Agiza mchanga wa mto uliooshwa, chembe zake kati ya milimita 0.2 na 2. Mchanga wenye udongo ukilowa na kukauka hugeuka sakafu. Upime hivi: jaza nusu ya chupa ya plastiki iliyo wazi mchanga, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, iache usiku kucha. Asubuhi utaona tabaka la udongo laini juu ya mchanga. Likiwa utando mwembamba, pokea. Likiwa nene kama kidole, dereva aurudishe. Ukifika, uchekeche kwa wavu wa milimita 5. Mchanga wa mwaloni, yaani ufukweni wanakoshusha samaki, hasa huja na ndoana, miba ya samaki na vipande vya chupa. Wengine huuogopa kwa sababu ya kichocho. Vimelea vyake vinaishi ndani ya maji, na vikishatoka kwenye konokono havidumu zaidi ya siku mbili hivi, kwa hiyo mchanga mkavu hauna shida hiyo. Shida ni watoto kwenda kuchota maji ziwani ili wajengee nyumba za mchanga. Wape maji ya bomba.

Pumba za mpunga ni rahisi kupatikana na mtu atakushauri uzitumie. Upepo wa ziwa unazipeperusha, mvua inazigandisha, zikikauka zinateleza. Maranda ya karakana nayo huoza na kushika moto haraka. Vipande vya mbao vilivyosagwa, vya ukubwa wa kidole gumba, ni vizuri kuliko hata mchanga kama unavipata kwa wingi: kina kile kile cha sentimita 30, uongeze kila mwaka kwa sababu vinaoza. Nyasi na udongo mtupu havihesabiki. Kufikia mwezi wa saba, uwanja wa udongo Mwanza ni mgumu kama barabara.

Chimba wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Sakafu ya shimo ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea upande mmoja, na hapo weka mfereji wa kokoto wenye bomba la plastiki la inchi 3 lililotobolewa, litokee nje ya uwanja kwenye mteremko. Funika kokoto kwa viroba vilivyopasuliwa, la sivyo watoto watazichimbua na zitachanganyika na mchanga. Upande wa juu wa shimo chimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua, yasije yakaleta matope. Shimo halihitaji ukingo wa tofali. Uso wa mchanga uwe chini ya uwanja kwa sentimita 5, na hiyo inatosha kuuzuia.

Kwenye kila nguzo piga mstari wa rangi nyekundu pale mchanga unapopaswa kufika. Chini ya kiti miguu huuchimba haraka, ukabaki sentimita 10 mahali panapohitaji 30. Mstari ukionekana, reki inahitajika, na hata dada wa nyumbani asiyejua hesabu zote hizi ataelewa.

Jioni funika kwa turubai au wavu mzito. Paka wanapenda mchanga mkavu kwa haja zao, na minyoo hubaki humo. Mbwa, kuku na nguruwe wasiingie, na mchanga ufukuliwe na kuanikwa juani mara kwa mara, kwa sababu funza hustawi kwenye vumbi kavu walikolala wanyama.

Fremu

Bomba la inchi 2, unene wa ukuta milimita 3. Fundi anaweza kukupa bomba la samani lenye unene wa milimita 1.2 kwa bei nzuri. Litapinda mhimili watoto wakubwa wakipanda wawili. Bomba tatu za mita 6 zinatosha: mbili zinatoa miguu minne ya takribani mita 2.6, ya tatu inatoa mhimili. Miguu isimame kwa umbo la A kila upande. Ncha zote za wazi zizibwe kwa kuchomelewa kipande cha bati nene, vinginevyo maji yataingia na kula bomba kwa ndani, na nyigu watahamia.

Mashimo ya msingi yachimbwe kutoka sakafu ya shimo la mchanga: kina sentimita 60, upana sentimita 30. Zege ni saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, kwa maji kidogo. Mashimo manne yanakula zaidi kidogo ya mfuko mmoja wa kilo 50, kwa hiyo nunua miwili. Zege iishie usawa wa sakafu ya shimo, isipande juu hata kidogo. Kosa tunaloliona sana ni zege kumwagwa juu juu na kutengeneza kilima kuzunguka nguzo, mahali hasa mtoto anapotua. Limwagilie siku 7 kabla ya kuning'iniza chochote.

Mirunda ya mkaratusi isiyotiwa dawa italiwa na mchwa pale inapoingia ardhini, huku juu ikionekana nzima. Nguzo chakavu za umeme nazo si za kuchezea, kwa sababu dawa zake ni sumu, na nguzo yoyote usiipake oili chafu ya gari mahali watoto wanaposhika. Rangi iwe ya kopo lililoandikwa kuwa haina madini ya risasi.

Mnyororo, kiti na vitu vidogo vinavyouma

Usifunge kamba moja kwa moja kwenye bomba. Inasagika mahali usipopaona. Chomelea pete au masikio kwenye mhimili, unganisha mnyororo wa milimita 6 kwa sheko, kiungo cha chuma chenye umbo la U na pini inayofungwa. Ndoano yenye umbo la S ibanwe hadi karatasi nene isipite kwenye mwanya wake. Mnyororo uvalishwe mpira wa maji kuanzia kiti hadi juu ya mkono wa mtoto, vidole visibanwe. Kamba za wavuvi zinapatikana kirahisi Kirumba na zinaonekana imara, lakini nyingi ni za plastiki zinazochakazwa na jua. Ukizikunja zikitoa unga mweupe, zimekwisha.

Kiti kiwe mpira laini: kipande cha mkanda wa mashine au tairi lisilo na nyaya. Ubao hapana. Bembea tupu inayorudi na ubao humpiga mtoto aliyesimama nyuma kwenye kipaji. Kiti kiwe sentimita 35 hadi 40 juu ya mchanga. Cha mtoto mdogo, chenye kumzunguka, sentimita 60.

Bolti isichomoze zaidi ya nyuzi mbili nje ya nati. Pitisha kipande cha kanga fremu nzima. Kikinasa popote, hapo pataivuta sweta ya mtoto siku moja.

Halafu kuna matundu. Tundu lenye upana kati ya sentimita 9 na 23 ni mtego: mwili wa mtoto unapita ukitanguliza miguu, kichwa kinabaki, naye ananing'inia kwa shingo. Kata boksi dogo la sentimita 9 kwa 16, na duara la kadibodi lenye kipenyo cha sentimita 23. Jaribu kila nafasi: vidato vya ngazi, fito za kingo, mwanya kati ya jukwaa na mserereko. Boksi likipita, duara nalo lazima lipite. Boksi likipita na duara likakwama, ziba au panua. Kipimo hiki cha bure kina faida kuliko rangi yote utakayonunua.

Kwa sababu hiyo hiyo ya shingo, kamba ya kuanikia nguo isipite karibu, kamba ya kurukia isifungwe kwenye fremu, na mtandio, tai au kitambulisho cha shingoni vivuliwe kabla ya kupanda.

Mserereko

Jukwaa lisizidi mita 1.2, na kingo zake ziwe na kimo cha sentimita 75 kwa wadogo, mita moja kwa wakubwa, za fito wima. Bati la kuserereka liinamie nyuzi 30, yaani urefu wake uwe mara mbili ya kimo cha jukwaa: mita 2.4. Kingo za bati zipande sentimita 10 na zikunjwe, zisiachwe na makali. Mwisho ulale, uwe sentimita 20 hivi juu ya mchanga, na mbele yake pawe wazi mita 1.8.

Bati la chuma linaunguza. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo kuligeuza kaskazini au kusini hakukuokoi. Kinachosaidia ni kivuli cha juu: mwembe, au turubai ya kivuli iliyofungwa kwenye nguzo zake zenyewe, isiyoshikamana na fremu. Mzazi aweke nyuma ya kiganja kwenye bati kwa sekunde 5. Akishindwa, watoto wasubiri jioni.

Na tafadhali usimpakate mtoto mkaserereka naye. Inaonekana ni upole, lakini kiatu chake kikinasa kwenye ukingo, uzito wako wa kilo 70 unaendelea kushuka na mguu wake unapinda. Mtoto akiwa peke yake angesimama tu.

Matairi

Toboa matundu manne ya milimita 15 sehemu ya chini ya kila tairi. Likihifadhi maji ya mvua litazalisha mbu, wakiwemo wa dengi. Tairi lenye nyaya zilizochomoza lisitumike. Yanayofukiwa nusu yajazwe udongo ndani, nyoka wasipate maficho.

Kuangalia

Kila Jumamosi reki, tazama mstari mwekundu, shika kila sheko na kila nati. Mara moja kwa mwezi fukua mchanga kwenye mguu mmoja wa fremu, kila mwezi mguu tofauti, ugonge bomba kwa nyundo: kutu huanzia pale bomba linapoingia kwenye zege, na mlio ukiwa mzito badala ya kulia kama kengele, kata bembea siku hiyo. Kwenye mnyororo, pima pete inayokutana na sheko. Ikiwa imeliwa robo ya unene, badilisha.

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Ngurumo ya kwanza ikisikika, wote ndani, hata kama mvua bado iko Ukerewe. Wasijibanze chini ya mti wala kushika fremu, na warudi nje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mtoto akianguka, usimnyanyue mara moja. Akilalamika shingo au mgongo, au hasogezi mguu, asisogezwe hadi apatikane mtu anayejua kumbeba. Akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akitokwa na majimaji sikioni, ni hospitali, hata kama anasema yuko sawa. Kwa mtoto aliyetumbukia shimoni au kisimani, namba ya zimamoto na uokoaji ni 114. Iandike kwa rangi kwenye nguzo ya bembea, kimo cha macho ya mtu mzima.